Kirusi Hakina Akili, Kina Umbo

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu wenzangu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii mliotoka Bahi, Chamwino, Kongwa na Mpwapwa, wanafunzi wa vyuo vyetu vya afya hapa Dodoma, itifaki imezingatiwa. Mbukwenyi!

Naona walioitikia vizuri ni wa Chamwino. Wengine tutawafundisha.

Mada niliyopewa ni ndefu: namna virusi vinavyotumia protini za juu ya ganda lao kuingia kwenye chembe za kinga. Mshereheshaji alipoisoma nilimwona mzee mmoja safu ya pili akianza kutafuta kofia yake. Mzee wangu, kaa. Mambo yenyewe unayajua, ila hujaelezwa kwa jina hilo.

Wakati wa chai mama mmoja, mhudumu wa afya, ameniuliza swali ambalo limeniharibia mpangilio wa hotuba, na nashukuru. Amesema: "Mwalimu, sisi tunawaambia watu kwamba chembe nyeupe ni askari wa mwili. Sasa iweje VVU viende moja kwa moja kwenye kambi ya askari? Mwizi gani anavunja kituo cha polisi?"

Jibu lililozoeleka mitaani ni kwamba VVU ni vijanja, vimejua pa kupiga. Silipendi jibu hilo. Ukishakipa kirusi akili, umempa mgonjwa mpinzani anayewaza na kupanga, anayemwinda yeye binafsi; na mtu anayeamini anawindwa humwoni kliniki, utamkuta kwa mganga. Kirusi hakiwazi. Hakina macho wala pua, hakina mkia wa kuogelea. Kinaelea kwenye damu na majimaji ya mwili, kinagonga huku na kule, na chembe nyingi kinazozigonga hazikihusu kabisa. Kinachoamua kitaingia wapi ni umbo la protini zilizo juu ya ganda lake, na umbo la protini zilizo juu ya chembe iliyogongwa. Hilo tu. Nusu saa yangu yote ni ya kueleza hilo "tu".

Tuanze na kirusi chenyewe. Upana wa kirusi cha UKIMWI ni kama nanomita 100 hadi 120. Ukitaka kujaza milimita moja kwenye rula ya mwanafunzi, itabidi uvipange elfu nane hadi elfu kumi. Ganda lake la nje ni utando wa mafuta, na utando huo si wake: kiliondoka nao kwenye chembe ya binadamu siku kilipotoka humo. Kwa hiyo kwa nje kirusi kimevaa ngozi yetu wenyewe. Kitu pekee cha kwake kinachoonekana juu ya ngozi hiyo ni vinundu vya protini, na havizidi sana 14 kwa kirusi kimoja. Kirusi cha mafua kina mamia. Hiki chetu kina vichache hivyo, na hata katika hivyo baadhi ni vibovu, vimevunjika au havikukamilika. Ndiyo silaha yake yote.

Kila kinundu kimeundwa kwa vipande sita: vitatu vya juu vinaitwa gp120, na vitatu vya chini, vilivyozama kwenye utando, vinaitwa gp41. Herufi zinaonyesha kwamba ni protini zilizofungamana na sukari. Tarakimu ni uzito wake kwa vipimo vya wanakemia. Wanafunzi, hamhitaji kuyakariri hayo kwa ajili ya leo, lakini shikeni neno sukari. Karibu nusu ya uzito wa gp120 ni sukari. Tutalirudia.

Upande wa pili kuna chembe ya kinga. Tunayoizungumzia zaidi ni seli T saidizi, aina ya chembe nyeupe ambayo kazi yake ni kuamuru nyingine: inaziambia chembe nyeupe za aina nyingine, seli B, zitengeneze kingamwili, yaani protini zinazonasa vijidudu, inazihimiza seli T nyingine ziue chembe zilizoambukizwa. Juu ya uso wake kuna protini inayoitwa CD4. Ndugu zangu mnaofanya kazi CTC, kliniki za matibabu ya VVU, mmelisikia neno hilo mpaka mmelichoka, "CD4 yako imepanda, CD4 yako imeshuka", lakini mara nyingi hatuwaelezi watu kwamba CD4 ni protini, na kwamba tunapohesabu CD4 tunahesabu chembe zinazoibeba. Mtu mzima mwenye afya huwa na chembe hizo 500 hadi 1,500 katika mikrolita moja ya damu. Zikishuka chini ya 200, magonjwa nyemelezi yanaingia kwa urahisi.

CD4 haikuwekwa pale kwa ajili ya kirusi. Ina kazi yake ya halali. Seli T saidizi inapokagua chembe nyingine ili kuona kama imekamata kijidudu, CD4 ndiyo inayoshika upande mmoja na kutuliza ule mguso ili ukaguzi ufanyike vizuri. Bila CD4 seli hiyo haiwezi kazi yake. Hapo ndipo jibu la mama yangu linapoanzia: gp120 ina bonde dogo linaloendana na ncha ya CD4. Chembe zenye CD4 nyingi ni za kinga. Kirusi kinachogonga chembe ya ngozi kinateleza na kuondoka. Kinachogonga chembe yenye CD4 kinanasa. Kingekuwa na bonde linaloendana na protini ya ini, kingekuwa kirusi cha ini, na tungekuwa tunauliza kwa nini kimelichukia ini.

Shuleni tunafundishwa kwamba huu ni ufunguo na kufuli. Mfano huo unasaidia kwa dakika moja, halafu unapotosha, kwa sababu ufunguo haubadiliki umbo ukiingia kwenye kufuli. Hapa kila kitu kinabadilika. Naomba niende polepole, maana hii ndiyo sehemu ninayoipenda.

gp120 inaposhika CD4, inajikunja upya. Vitanzi vya protini vilivyokuwa vimefunika upande mmoja vinasogea pembeni, na sehemu ambayo sekunde chache kabla haikuwepo, naam, haikuwepo, inaundika na kujitokeza. Sehemu hiyo mpya ndiyo inayotafuta protini ya pili juu ya chembe ileile, inayoitwa CCR5. Ikiipata na kuishika, gp41 iliyokuwa imebanwa chini inaachiwa. Ncha yake inafyatuka na kuchoma utando wa chembe. Sasa kipande kimoja cha protini kimezama pande zote mbili: mkia wake uko kwenye ganda la kirusi, ncha yake iko kwenye chembe ya mtu. Kisha gp41 inajikunja katikati, ncha ikirudi kuelekea mkia, na inapojikunja inavuta tando mbili mpaka zinagusana. Mafuta yakigusana na mafuta yanaungana. Tundu linafunguka, linapanuka, na kiini cha kirusi kinaingia ndani kikiwa na jeni zake na vimeng'enya vyake, yaani protini zake za kufanyia kazi.

Ganda linabaki nje, limeungana na utando wa chembe.

Nguvu ya kufanya kazi hiyo yote inatoka wapi? Kirusi hakili, hakipumui, hakina chakula cha kuchoma. Nguvu iliwekwa kwenye protini siku ilipotengenezwa, ikakunjwa kwa namna isiyotulia. CD4 na CCR5 zinaifungulia tu. Na ikishafyatuka haiwezi kurudi ilivyokuwa. Kinundu hicho kimekwisha kazi. Mimi nimefundisha somo hili miaka mingi na bado nikilifikia hapa nahisi kama ninasimulia jambo la ajabu, ingawa najua fizikia yake.

Habari za CCR5 hazikujulikana mapema. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI hapa kwetu walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Mwaka huohuo, kule Paris, katika Taasisi ya Pasteur, Françoise Barré-Sinoussi, Luc Montagnier na wenzao walikitenga kirusi chenyewe. Wawili hao walikuja kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Mwaka 1984 makundi mawili, moja Uingereza na jingine Ufaransa, yakaonyesha kwamba CD4 ndiyo inayokinasa. Watu wakadhani kazi imekwisha. Kisha wakachukua CD4 ya binadamu, wakaiweka kwenye chembe za panya, wakamwaga virusi. Virusi vikanasa vizuri kabisa. Havikuingia. Kuna kitu kilikuwa kinakosekana, na kitu hicho kilitafutwa kwa karibu miaka kumi. Mwaka 1996 ndipo kundi la Edward Berger nchini Marekani lilipoipata protini ya kwanza, CXCR4, na wiki chache baadaye maabara kadhaa kwa wakati mmoja zikatangaza CCR5.

Kwa kawaida virusi vinavyoanzisha maambukizi mapya hutumia CCR5. Kwa baadhi ya wagonjwa, miaka ikipita bila matibabu, vinatokea virusi vinavyotumia CXCR4, na hapo CD4 hushuka kwa kasi zaidi. Chembe zenye CCR5 nyingi ziko kwenye utumbo, ndiyo maana katika wiki za kwanza, mtu akiwa bado hajui chochote, kinga ya utumbo ndiyo inayochakaa kabla ya ile ya damu.

Sasa hapa panaingia maneno ya mtaani, na lazima niyaguse kwa kuwa nyinyi ndio mnaokutana nayo. Maneno ya kwanza: "Mimi damu yangu ni kundi O, haishiki." Nimeyasikia Majengo sokoni, nimeyasikia kwa watu wenye shahada. Makundi ya damu A, B na O yanahusu sukari zilizo juu ya chembe nyekundu. Chembe nyekundu haina CD4, haina CCR5, haina hata kiini cha jeni ambacho kirusi kingejichomeka. Kundi lako la damu halina mahali popote katika safari niliyoieleza. Mtu wa kundi O ana seli T kama mtu wa kundi B.

Lakini wapo watu wachache ambao kweli kirusi hakiwaingii kirahisi, na sababu yao inaonekana kwenye kipimo cha jeni. Wamezaliwa na jeni ya CCR5 iliyopungukiwa na herufi 32. Protini inayotengenezwa inakatika njiani, haifiki juu ya chembe. gp120 inashika CD4, inajikunja, inatafuta CCR5, haiipati. Watu wenye nakala mbili za jeni hiyo pungufu ni kama asilimia 1 ya wenye asili ya Ulaya Kaskazini. Kwetu Afrika ni nadra mno, haifai mtu yeyote hapa Dodoma ajitumainie nayo.

Mgonjwa aliyelifanya jambo hili lijulikane dunia nzima ni Timothy Ray Brown, Mmarekani aliyekuwa akiishi Berlin. Alikuwa na VVU, kisha akapata saratani ya damu. Mwaka 2007 madaktari walimpandikizia uloto, ule wa ndani ya mifupa unaotengeneza chembe za damu na za kinga, kutoka kwa mtu mwenye nakala mbili za ile jeni pungufu, na 2008 wakarudia. Kinga yake mpya ilikuwa haina CCR5. Aliacha dawa za VVU na kirusi hakikurudi. Alifariki 2020 kwa saratani ileile, VVU vikiwa havijaonekana tena.

Najua swali linalokuja, kwa sababu hapahapa mjini, Hospitali ya Benjamin Mkapa, watoto wenye selimundu wanapandikizwa uloto, na watu wameona habari hizo kwenye taarifa. Basi kwa nini tusiwapandikize na wenye VVU? Kwa sababu kabla ya kupandikiza unaiua kwanza kinga aliyonayo mgonjwa, na katika hatua hiyo mtu anaweza kufa. Kwa mtoto anayeteswa na selimundu, au mtu mwenye saratani, hesabu hiyo inakubalika. Kwa mtu anayemeza kidonge kimoja kwa siku na kulima shamba lake la mtama vizuri, haikubaliki. Na bado hatujasema mchangiaji mwenye jeni hiyo utampata wapi.

Maneno ya pili ya mtaani ni mbu. Hili nalipenda kwa sababu swali ni la akili. Mbu ananyonya damu ya mtu mwenye VVU, anakwenda kumuuma jirani. Kwa nini jirani asiambukizwe, wakati malaria inapita hivyohivyo? Kwanza, mbu anapouma anaingiza mate yake, harudishi damu aliyoinyonya. Vimelea vya malaria vimefika kwenye mate kwa sababu vinaishi na kuzaana ndani ya mbu. Kirusi cha UKIMWI ndani ya tumbo la mbu kinaelea kikigonga chembe ambazo hazina CD4 ya binadamu wala CCR5. Hakuna pa kunasa, na baada ya muda kinasagwa pamoja na chakula. Ng'ombe, mbuzi na mbwa wako nao hawaambukizwi VVU, kwa sababu za namna hiyohiyo.

VVU si peke yao katika tabia hii. Naomba niseme kuhusu surua, kwa sababu wahudumu wa Kongwa mmeniambia bado kuna akina mama wanaoiona kama ugonjwa wa vipele tu. Kirusi cha surua kina protini juu yake inayoitwa H, na H inashika protini ya chembe za kinga inayoitwa SLAM. Jambo hilo lilifahamika mwaka 2000 kutokana na kazi ya watafiti wa Japani. Yaani surua nayo inaingia kambini. Na chembe inazoziharibu zaidi ni zile zenye kumbukumbu, zilizokwisha kupambana na magonjwa ya zamani. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa watoto wa Uholanzi ambao hawakuwa wamechanjwa, waliopimwa damu kabla na baada ya kuugua surua. Walikuwa wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya vijidudu vingine. Vipele vimekwisha, mama anashukuru Mungu, kumbe mwili wa mtoto umesahau nimonia na kuhara ulikokuwa umejifunza kupambana nako. Mtoto anazikwa miezi kadhaa baadaye na hakuna anayesema surua.

Sasa linganisheni virusi hivi viwili. Vyote vinatumia protini ya juu kuingia kwenye kinga. Surua ina chanjo tangu 1963, iliyotokana na kirusi kilichochukuliwa kwa mvulana wa shule karibu na Boston, Marekani, mwaka 1954, na mpaka leo chanjo za ukoo huo zinafanya kazi dunia nzima. Dozi mbili, miezi 9 na miezi 18, basi. VVU havina chanjo. Hapa kwetu, Mbeya na Dar es Salaam zilishiriki katika jaribio la PrEPVacc pamoja na Uganda na Afrika Kusini, na uchanjaji ulisimamishwa Novemba 2023 baada ya kuonekana kwamba hakuna matumaini ya kutosha. Kwa nini tofauti kubwa hivyo?

Sehemu ya H inayoshika SLAM iko wazi, na haiwezi kubadilika sana bila kupoteza uwezo wa kushika. Kingamwili zikiizoea zinaipata mwaka huu na mwaka ujao. Kwenye VVU, kumbukeni ile sukari. gp120 imefunikwa na sukari zilezile ambazo chembe zetu wenyewe zinazitengeneza, kwa hiyo kinga inazitazama na kuziona za nyumbani. Bonde linaloshika CD4 limezama ndani, kingamwili nyingi ni pana mno kulifikia. Sehemu inayoshika CCR5, ile niliyowaambia haikuwepo, inaundika dakika za mwisho kirusi kikiwa tayari kimebanana na chembe, na nafasi ya kingamwili kupenya haipo. Kinachobaki nje, mahali ambapo kingamwili zinaweza kushika, ni vitanzi vinavyobadilika kila kukicha, maana kimeng'enya kinachonakili jeni za kirusi kinakosea mno na hakijisahihishi. Juu ya hayo kuna vile vinundu vibovu: mwili unatengeneza kingamwili nyingi dhidi ya vipande ambavyo havina kazi yoyote.

Mtu akitazama orodha hiyo atasema, si umeona, kijanja! Hapana. Kwa kila kirusi tunachokiona leo, vingi visivyohesabika vilitengenezwa na makosa yaliyovifanya vishindwe, vikaisha. Tunaona vilivyobaki.

Nije kwenye kazi yenu ya kila siku. Kipimo cha haraka, kile cha kutoboa kidole. Wengi mnakitumia na mnasoma mistari vizuri, lakini ni wangapi wanajua pale kwenye T, mstari wa majibu, kuna nini? Kuna vipande vya protini ya ganda la kirusi, gp41 na jamaa zake, vilivyotengenezwa kiwandani bila kirusi chenyewe. Unadondosha damu, unaongeza matone ya kile kimiminika, na damu inapanda kwenye ukanda mweupe taratibu. Ukiinamia unaiona inavyotambaa. Njiani inachukua chembe ndogo mno za rangi, ambazo katika vipimo vingi ni dhahabu, madini yaleyale wenzetu wa Sekenke kule Singida wanayoyatafuta ardhini. Ikisagwa kwa kiwango hicho inaonekana nyekundu. Kama damu ina kingamwili zilizowahi kukutana na protini hiyo, zinanasa kwenye T na kushikilia dhahabu hapo. Mstari unajitokeza. Mstari wa C unathibitisha tu kwamba damu imepita na kipimo kimefanya kazi.

Kwa hiyo kipimo hiki hakioni kirusi. Kinaona kumbukumbu ya mwili kuhusu ganda la kirusi. Ukilijua hilo, maswali matatu yanayowasumbua yanajijibu. Aliyeambukizwa wiki iliyopita atasoma hasi, kwa sababu kingamwili huchukua wiki kadhaa, pengine mpaka miezi 3, ndiyo maana tunamwambia arudi. Aliye kwenye dawa miaka sita na wingi wa virusi haugunduliki bado atasoma chanya, kwa sababu kumbukumbu haifutiki. Asidanganywe na mtu kwamba dawa hazifanyi kazi. Na swali la tatu nitalifikia mwishoni, kuna mtu ameniandikia.

Je, tunaweza kuziba mlango kwa dawa? Zipo. Enfuvirtidi iliidhinishwa Marekani mwaka 2003: ni kipande cha protini kinachojipenyeza kwenye gp41 ili isijikunje. Inafanya kazi, lakini ni sindano mbili kwa siku, kila siku. Mwambie mfugaji wa Bahi. Maraviroki ikafuata 2007, inakalia CCR5. Ila kabla ya kuitoa lazima upime kama virusi vya mgonjwa vinatumia CCR5 au CXCR4, na kipimo hicho ni ghali. Kwa maoni yangu mpango wetu wa taifa ulikuwa sahihi kujenga matibabu juu ya dawa zinazofanya kazi ndani ya chembe. TLD mnayoigawa, tenofovia, lamivudini na dolutegravia, haizuii kirusi kuingia hata kidogo. Kirusi kinaingia, kinakuta vimeng'enya vyake vimefungwa, kinaishia humo. Virusi vipya havitoki. Na visipotoka, kwenye damu na majimaji ya mwili hakuna vinundu vya kugonga chembe ya mtu mwingine. Ndiyo maana tunasema kwa uhakika kwamba asiyegundulika virusi kwa sababu ya dawa haambukizi kwa kujamiiana. Hiyo si lugha ya kumfariji mgonjwa, ni hesabu ya kugusana na kutogusana.

Sasa karatasi niliyoletewa. Dada mmoja wa Mpwapwa, hakuandika jina, ameandika hivi: "Mtoto wa miezi minne, mama yake anatumia dawa, mwenzangu alimpima kwa kipimo cha haraka akaonekana chanya. Mama amelia siku nzima. Je, mtoto ameambukizwa?"

Dada yangu, kipimo hicho hakiwezi kukuambia. Mama alimpa mtoto kingamwili zake kupitia kondo la nyuma, kama alivyompa za magonjwa mengine yote, na zinaweza kukaa mpaka miezi 18. Pale kwenye T umesoma kumbukumbu ya mama. Mtoto wa umri huo anachukuliwa damu kisiginoni, inakaushwa kwenye kadi, ile DBS, inakwenda maabara kutafutwa jeni za kirusi chenyewe. Ilitakiwa afanyiwe akiwa na wiki 6. Kama haikufanyika, kesho asubuhi apelekwe CTC, hajachelewa. Mama aendelee na dawa zake, mtoto aendelee na dawa ya kinga aliyoandikiwa, na kunyonya asikatishwe kwa hofu ya mstari huo. Ukimaliza kikao hiki uje unione pale mezani, tuandike pamoja fomu ya rufaa, na majibu yakitoka naomba uyafuatilie wewe mwenyewe, usimwachie mama aende kuyauliza peke yake.